Mpenzi wa "Maisha Yaliyopita": Tuwaambie Mabinti Ukweli Kabla Hatujawapima Shela

Dada zetu, maharusi wetu na mama zetu wa visiwani.

Leo tunawaandikia kutoka huku bara, Musoma, ukingoni mwa Ziwa Victoria. Sisi ni mafundi wa nguo za harusi. Tunawashonea maharusi wa hapa mjini, wa Bunda na wa Butiama, na wengine hutujia na kitambaa walichotumiwa na ndugu zao kutoka Unguja au Muscat. Anayeshona shela husikia mengi. Bi harusi akishasimama mbele ya kioo, pini zimemzunguka kiunoni, hawezi kwenda popote, basi huongea.

Lakini maneno yaliyotufanya tuandike leo hayakutoka kwa bi harusi. Yalitoka kwa mdogo wake.

Walikuja wawili, Jumamosi moja. Mkubwa alikuja kujaribisha gauni la nikahi, mdogo alikuja kupimwa nguo ya kumsindikiza dada yake. Yuko kidato cha tatu. Tulipomaliza kumpima alitusogelea, akatuomba kwa sauti ndogo tumwandikie vipimo vyake pembeni kwa ajili ya shela. Si sasa, alisema, lakini hivi karibuni. Tukacheka, tukamuuliza huyo mchumba ni nani. Yeye hakucheka. Alisema ni kijana mmoja wa stendi, na kwamba wao wawili hawajaanza leo. Walishapendana zamani, katika maisha mengine, wakafa kabla ya kuoana, na sasa wamerudishwa duniani wakamalizie. Ushahidi wake ulikuwa alama ya kuzaliwa aliyo nayo mkononi, na ndoto ambayo kijana alimwambia aliiota kabla hawajaonana.

Tukamuuliza hayo ameyajulia wapi. Akatutolea simu. Ilikuwa simulizi ya mapenzi ya shule ya sekondari, zile za kulipia, sehemu kwa sehemu, zinazotumwa kwenye magrupu ya WhatsApp. Mle ndani mlikuwa na kila kitu: alama mkononi, ndoto, wapenzi waliokufa na kurudi. Na aliyemtumia kijana ile simulizi alikuwa binti mwenyewe. Kijana aliisoma kama mwanafunzi anayejiandaa na mtihani, kisha akaja kumpa majibu.

Binti alikuwa hajaliona hilo. Alikuwa anapanga kuacha shule.

Dada zetu, jambo hili si la kuchekwa likaachwa. Ndiyo sababu tunataka tuliseme wazi, kwa upole lakini wazi.

Hadithi zenyewe zikoje

Tusianze kwa kuwalaumu mabinti, maana hata sisi tumekulia humo humo. Nani kati yetu wa umri huu hakuingia kwenye kibanda cha video kumwangalia Karan Arjun? Filamu ile ya 1995 ina ndugu wawili wanaouawa, kisha wanazaliwa upya na kurudi kwa mama yao kulipiza kisasi. Baadaye, mwaka 2007, ikaja Om Shanti Om, Shah Rukh Khan akifa kwa ajili ya mwanamke anayempenda na kuzaliwa tena ili haki yake ipatikane. Tulilia, tukaimba nyimbo zake bila kujua maana, tukarudi nyumbani kuosha vyombo. Siku hizi wadogo zetu wana tamthilia za Kikorea zenye mambo hayo hayo.

Kwenye vitabu vya vijana vya Marekani nako yamejaa. Mwaka 2009 pekee vilitoka viwili vilivyosomwa sana. Kimoja ni Fallen cha Lauren Kate. Humo msichana wa miaka 17 anapelekwa kwenye shule ya watoto watukutu, anakutana na mvulana mzuri asiyemtaka karibu, kumbe mvulana huyo ni malaika aliyeanguka na wamependana kwa karne nyingi. Kila msichana akifika umri ule, anakufa, kisha anazaliwa upya, na mambo yanaanza tena. Cha pili ni Evermore cha Alyson Noël, nacho ni cha shule ya sekondari, na mvulana wake ameishi miaka mia sita akimtafuta msichana yule yule kila anapozaliwa upya. Vitabu vyenyewe huku kwetu havionekani madukani, lakini mfano wake umesambaa. Ukifungua Wattpad au grupu lolote la simulizi za Kiswahili utaukuta: mwanafunzi mpya darasani, macho yanakutana, moyo unashtuka, na kabla ya kengele ya mapumziko msomaji anajua hawa walikuwa mume na mke enzi za wafalme.

Kwa nini mabinti wanazipenda? Tuwe wakweli. Binti wa miaka 16 anaamka saa kumi na moja kuchota maji, anafagia, anatembea hadi shule, anarudi kupika. Siku nzima anaambiwa fanya hiki, acha kile. Halafu anafungua hadithi, na ndani yake kuna mtu aliyemtafuta msichana kama yeye kwa miaka mia sita. Nani asingependa kutafutwa hivyo? Hadithi ile inampa kitu ambacho sisi mama na dada zake mara nyingi hatumpi, yaani kuambiwa kwamba yeye ni wa thamani. Hapo kosa si lake.

Kosa linaanza pale hadithi inapogeuka kuwa kipimo cha maisha.

Roho hairudi

La kwanza ni itikadi. Sisi Waislamu tunaamini mtu huzaliwa mara moja, hufa mara moja, kisha huingia barzakh mpaka siku ya kufufuliwa. Katika Suratul Mu'minun, aya ya 99 na ya 100, tunaelezwa habari ya mtu anayefikwa na mauti akaomba arudishwe duniani ili atende mema aliyoyaacha, naye hakubaliwi, na mbele yake kuna kizuizi mpaka siku ya ufufuo. Fikirini, dada zetu: huyo anayeomba kurudi anataka kurudi akatende mema, na bado harudishwi. Itakuwaje mtu arudishwe kwa sababu ya mapenzi ya darasani?

Hatuitukani imani ya mtu. Wahindu na Wabudha wanaamini roho huzaliwa tena, nao ni majirani zetu na wengine ni wateja wetu. Lakini hata kwao jambo lenyewe si kama linavyoandikwa kwenye simulizi. Kwao kuzaliwa tena na tena ni mzunguko ambao mtu mwema anajitahidi atoke humo, na kila maisha yanabeba hesabu ya matendo ya maisha yaliyotangulia. Ni mzigo. Waandishi wa mapenzi wameuchukua mzigo huo, wakautoa hesabu ya matendo, wakaufanya zawadi ya harusi. Kwa hiyo binti anayeamini hadithi hizi hafuati hata dini ya watu wengine. Anafuata kitu kilichotengenezwa ili alipie sehemu inayofuata.

Na sisi wa Mara tuna la kwetu

Tusijifanye jambo hili limeletwa na simu tu. Huku kwetu majina ya waliotangulia yana nguvu sana. Mtoto akilia usiku bila kukoma, hutakosa bibi mmoja wa kusema, "Huyu anataka jina." Hutajwa jina la babu, hutajwa la shangazi aliyefariki, na mtoto akinyamaza watu husema babu amefurahi, na wengine huongeza kwamba babu amerudi.

Mfano unaojulikana zaidi uko Butiama. Mwalimu Nyerere alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Kwanza aliitwa Mugendi, maana yake mtembezi. Baadaye, kwa ushauri wa mganga, akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua, kwa sababu siku aliyozaliwa mvua ilinyesha. Hata jina Nyerere, la baba yake, lilitokana na viwavi walioivamia nchi wakati mzee huyo anazaliwa. Anayekwenda Mwitongo leo, kwenye nyumba na kaburi la Mwalimu, anaweza kuona jinsi jina moja linavyobeba habari za mwaka mzima wa watu.

Jina ni kumbukumbu. Sisi nasi tunawaita mabinti zetu Khadija, Aisha, Fatma, na hakuna anayesema kwamba Bibi Khadija amerudi akazaliwa Nyasho. Tunataka mtoto afuate tabia ya aliyeitwa kwa jina lake. Hapo hakuna ubaya. Ubaya ni kumwambia mtoto kwamba yeye ndiye yule aliyekufa, kwa sababu ukimwambia hivyo umemwambia pia kwamba maisha yake yalishaishiwa na mtu mwingine. Mtoto aliyekulia katika nyumba inayosema babu amerudi, akiambiwa na kijana wa stendi kwamba "tulishaishi pamoja", haoni la ajabu. Sisi ndio tuliomfungulia mlango.

Qadari si hirizi ya kijana

Binti yule alitujibu vizuri, hatutaki kumdharau. Alisema, "Lakini si tunaamini qadari? Si kila kitu kimeandikwa?" Ndiyo, tunaamini. Qadari ni nguzo ya sita ya imani, kheri yake na shari yake. Ipo pia hadithi sahihi ya Mtume (s.a.w.) inayoeleza kwamba roho ni kama majeshi yaliyokusanywa, zinazofahamiana huungana na zisizofahamiana hutofautiana. Kila aliyewahi kukaa na mtu kwa saa moja na kumwona kama ndugu wa miaka anaelewa hilo.

Lakini tazameni tofauti. Kuamini qadari ni kuamini kwamba Allah anajua. Si kuamini kwamba kijana wa stendi anajua. Hakuna aliyeonyeshwa daftari. Mtu akikwambia, "Wewe umeandikiwa mimi," amedai elimu ya ghaibu, na hiyo hana. Qadari ya ndoa tunaijua pale nikahi inapofungwa, na hata hapo tunajua tu kwamba ndoa hii imekuwa. Hatujui kwamba itadumu. Kabla ya hapo kazi yetu ni kuuliza, kuchunguza, kushauriana na kuomba.

Na zile hadithi zinafanya kinyume. Ndani yake kila dalili ya hatari inageuzwa kuwa dalili ya mapenzi. Kijana ni mkali kwa msichana? Ni kwa sababu anampenda mno. Anamfuatafuata? Ni kwa sababu wamepangiwa. Katika Twilight, riwaya ya 2005 iliyofungua mlango kwa nyingi za aina hii, kijana anaingia chumbani kwa msichana usiku na kumwangalia akiwa amelala, naye hata hajui. Dada zetu, kijana wa hapa Musoma akikutwa dirishani kwa binti usiku, tunamwita nani? Tunamwita mwizi. Lakini ukishaambiwa "tumepangiwa", maswali yote yanakufa. Anaswali? Ana kazi gani? Akikasirika huwa anafanya nini? Mama yake anamheshimu? Nani amewahi kumdai deni akalipa? Hakuna haja ya kuuliza, maana nyota zimeshajibu.

Tunawakumbusha kisa cha Barira na Mughith, kilichomo katika Sahihi Bukhari. Barira alikuwa mtumwa na mumewe alikuwa Mughith. Alipopata uhuru alipewa hiari ya kubaki katika ndoa au kuondoka, naye akaondoka. Mughith alimpenda mno. Alikuwa akimfuata katika njia za Madina akilia, machozi yanamtiririka hadi kwenye ndevu. Mtume (s.a.w.) alimhurumia, akazungumza na Barira kama angeweza kumrudia. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Akaambiwa si amri, ni kuombea tu. Akasema basi hamhitaji.

Na ikaishia hapo. Hakuna aliyemwambia Barira kwamba machozi ya mwanamume ni dalili ya qadari yake. Mapenzi ya Mughith yalikuwa ya kweli, na bado hayakuwa deni juu ya Barira. Kama tungeruhusiwa kuingiza kisa kimoja tu katika simu za mabinti zetu, tungeingiza hiki.

Sasa tujiseme wenyewe

Hapa tunakuja kwenye sehemu ngumu, na tungeweza kuiacha, lakini tukiiacha tutakuwa tumewadanganya.

Miaka michache iliyopita tulimshonea bi harusi mmoja kutoka upande wa Bunda. Gauni la satini, lesi kifuani, shanga tulizozishona kwa mkono wiki nzima. Siku ya kujaribisha mara ya mwisho alisimama mbele ya kioo akalia. Tulidhani ni machozi ya furaha, maana hayo tumeyazoea. Kisha akasema hamtaki yule mwanamume. Alisema amemwambia mama yake, amemwambia na somo wake, na wote wamemjibu neno moja, kwamba ndiyo kudra yake, avumilie, mapenzi yatakuja humo humo.

Na sisi tukafanya nini? Tulimpa kitambaa afute uso. Tukamwambia, "Vumilia mwanetu, ndiyo kudra." Tukaendelea kushona. Nusu ya hela ya gauni ilikuwa bado haijalipwa na ilikuwa ilipwe siku ya kulichukua. Hilo tunaliandika kwa aibu, lakini ni kweli.

Baada ya miezi saba alirudi, amekonda, na gauni ndani ya mfuko wa plastiki, akatuomba tumtafutie mteja wa kulinunua. Yaliyompata humo ndani ya nyumba si yetu kuyasimulia.

Ndipo tulipoona kwamba sisi watu wazima na wale waandishi wa simulizi tunauza kitu kimoja. Wao wanamwambia binti, "Umepangiwa, kwa hiyo mfuate." Sisi tunamwambia, "Umepangiwa, kwa hiyo kaa." Wote tunalichukua neno la Allah la kutuliza moyo baada ya jambo kutokea, tunalifanya kufuli kabla halijatokea. Na binti aliyelelewa kwa kufuli letu, siku akipata funguo ya bandia kutoka kwa kijana wa stendi, ataikataaje?

Dini yetu haikusema hivyo. Khansa bint Khidam aliozwa na baba yake bila ridhaa yake, akaenda kwa Mtume (s.a.w.), na ndoa ile ikabatilishwa. Hilo nalo liko katika Bukhari. Mwanamke aliyeshindwa kabisa kuishi na mumewe ana mlango wa khului. Hata katika historia ya hapa kwetu, kabla Mwalimu Nyerere hajamwoa Mama Maria Magige mwaka 1953, familia yake ilikuwa imeshamposea binti mwingine, tena alipokuwa bado mtoto mdogo. Posa hiyo haikuishia kwenye ndoa ya maisha. Kilichopangwa na wazee kiliweza kuachwa, na mbingu hazikuanguka juu ya Butiama.

Sheria nayo inasemaje

Wengine watasema, kama wanapendana waozwe tu, yaishe. Kwa mwanafunzi hilo ni kosa la jinai. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ya Tanzania Bara ilirekebishwa, na mtu anayemwoa mwanafunzi wa msingi au sekondari, au kumpa mimba, anaweza kufungwa miaka 30. Mwaka huo huo Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vinavyoruhusu msichana kuolewa kuanzia miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, vinapingana na Katiba. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaushikilia uamuzi ule. Sheria hiyo ni ya Bara, huko visiwani mna taratibu zenu, lakini somo ni la wote. Kijana wa miaka 22 aliyemwambia mwanafunzi kwamba wamerudi kutoka karne nyingine hatamwambia hakimu maneno hayo. Na binti anayebaki na mimba hatabaki nayo katika karne nyingine. Ataibeba hapa hapa, mwaka huu, kwa mama yake.

Tufanye nini basi

Hatusemi simu zivunjwe. Tumeona akina mama wakivunja simu, na binti akasoma kwenye simu ya rafiki, sasa kwa siri. Tunasema haya.

Kwanza, tusome nao. Muulize binti yako hadithi imefikia wapi. Muulize kwa hamu, si kwa upelelezi. Ukishaijua, muulize, "Huyu kijana angekuwa mtaani kwetu, ungemwonaje?" Utashangaa jinsi wanavyojua kujibu wakiulizwa. Yule binti wetu tulimuuliza swali moja tu: kijana alimwambia habari ya ndoto kabla ya kutumiwa simulizi au baada? Alikaa kimya muda mrefu. Hatukuongeza neno.

Pili, tuwape hadithi nyingine. Mapenzi ya wanafunzi si jambo geni katika ulimwengu wa Kiislamu. Layla na Majnun, walivyosimuliwa na Nizami mwaka 1188, walianza kupendana wakiwa watoto chuoni. Lakini Nizami hakumficha msomaji gharama: kijana anapotewa na akili nyikani, Layla anaozwa kwa mwingine, wote wawili wanakufa kwa huzuni. Hata Juliet wa Shakespeare, ambaye hadi leo anatajwa kama mfano wa mapenzi, hajatimiza miaka 14, na mwisho wake ni kaburi. Wazee wa hadithi walijua kwamba mapenzi yasiyosikiliza neno la mtu yeyote ni msiba. Na tuwasimulie pia Bibi Khadija (r.a.), mfanyabiashara aliyemchunguza mtu kwa uaminifu wake katika mali na safari, kisha ndiye aliyepeleka ujumbe wa kutaka ndoa. Hayo nayo ni mapenzi, tena yana macho.

Tatu, tuwafundishe istikhara ilivyo. Wengi wetu tumefanya istikhara kuwa ni kulala tukingoja ndoto, na ndiyo maana kijana akisema "nimekuota" binti anatetemeka. Katika hadithi ya Jabir (r.a.) iliyotufundisha istikhara hakuna habari ya ndoto. Ni rakaa mbili na dua ya kumwomba Allah, kama jambo lina kheri katika dini, maisha na mwisho wa mambo, alifanye jepesi, na kama lina shari, aliepushe. Unaomba, kisha unaendelea kuchunguza. Mlango ukifunguka unapita, ukifungwa unashukuru.

Nne, na hili ni kwa maharusi mnaosoma huku mkihesabu siku: mkiulizwa ridhaa, ulizwa ni kuulizwa kweli. Kama moyo umekataa, semeni kabla ya shela. Gauni linaweza kuuzwa. Sisi hapa tumejiwekea utaratibu: siku ya kujaribisha mara ya mwisho tunawatoa watu wote nje, tunabaki na bi harusi, tunamuuliza kama anakwenda kwa hiari yake. Wengi hucheka na kusema ndiyo. Akisema hapana, hatumalizii gauni mpaka mzazi wake aje tuongee, na hatudai kilichobaki. Tumeshapata hasara mara mbili. Allah ndiye mwenye kuruzuku.

Tano, tuwaambie mabinti zetu kwamba ni wa thamani kabla kijana hajawaambia. Tuwaambie leo, wakiwa wanachota maji na kufagia. Hakuna aliyewatafuta kwa miaka mia sita, lakini Aliyewaumba anawajua kwa majina, na amewapa maisha haya mamoja, hayajatumiwa na mtu mwingine.

Yule binti yuko shuleni. Vipimo vyake vya shela tulivichana mbele yake, naye alikubali. Mama yake alileta kitambaa cha kijani, tukamshonea gauni la Idi, refu, lenye mifuko, kwa sababu alitaka mifuko. Akija siku moja na mchumba aliyeulizwa maswali yote akayajibu, tutampima upya. Atakuwa ameongezeka, na vipimo vya kidato cha tatu visingemfaa hata hivyo.

Wallahu a'lam. Allah awahifadhi mabinti zetu, awape maharusi wetu wenza wema, na atusamehe sisi kwa tuliyonyamazia. Aamiin.